Tangi la samaki la mtumba lenye mikwaruzo: lipi ununue, lipi uliache

Tangi la kwanza nililonunua mtumba halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilikikagua kile kioo cha mbele kama mtu anayechagua miwani, nikapiga tochi, nikaridhika, nikalipa. Siku ya tisa, saa nane usiku, gundi ya kona ya nyuma ikaachia na maji yote, lita tisini na ushee, yakaingia sebuleni. Tangi nililonalo leo lina mikwaruzo kama kumi kwenye kioo cha mbele, mmoja una urefu wa njiti ya kiberiti. Mwaka wa nne huu halijadondosha tone. Nililipata chini ya nusu ya bei ya jipya, maana watu watatu walishakuja kabla yangu, wakaiona mikwaruzo, wakaondoka.

Mkwaruzo unashusha bei ya tangi kuliko unavyoliharibu. Anayejua kutofautisha mkwaruzo na mkwaruzo ananunua vizuri sana, hasa hapa Dar, ambako matangi mengi yanauzwa na mtu anayehama nyumba, mgeni aliyemaliza mkataba, au saluni iliyochoka kuhudumia samaki. Hao wanataka nafasi zaidi ya hela.

Ukifika, anza na gundi

Nenda na tochi, futi kamba, kitambaa kibichi na siki kidogo kwenye chupa. Mikwaruzo iache kwanza, haiendi popote.

Kinachoshika vioo ni silikoni. Pitisha kidole gumba ndani, kwenye mishono yote ya wima na ya chini. Silikoni nzima ni kama raba, ukiibonyeza inarudi. Iliyochoka imekauka, inabanduka ukingoni, na mwani umepenya chini yake ukaacha mstari wa kijani au mweusi. Halafu zunguka nje. Ukiona unga mweupe umeganda kwenye kiungo, hapo pamekuwa pakivuja polepole, maji yakakauka na chumvi ikabaki. Na ukikuta silikoni mpya inayong'aa imepakwa juu ya ile ya zamani, huku tangi linanuka siki ambayo si yako, jua limezibwa juzi ili liuzwe. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni kuukuu.

Angalia pia mstari mweupe wa chokaa ndani ya kioo, pale maji yalipokuwa yakiishia. Tangi la kimo cha sentimita 45 ambalo mstari wake uko sentimita 25 lina habari yake. Nilimuuliza muuzaji mmoja kwa nini halikuwa likijazwa. Akanijibu, "Bosi, samaki wenyewe walikuwa wadogo."

Sasa njoo kwenye mikwaruzo. Piga tochi kwa ubavu, mwanga uambae na kioo, utaiona yote. Mingine si mikwaruzo, ni chokaa ya maji ya kisima. Paka siki, subiri dakika kadhaa, futa. Kilichotoka kilikuwa uchafu, na mwenye tangi alishakipunguzia bei bila kujua. Kilichobaki kipitishie ukucha, ukate mkwaruzo kama unavyovuka barabara. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo ni wa juujuu. Ukinasa, umezama. Usisahau kujaribu pande zote mbili, ndani na nje, kwa sababu upande ndio unaoamua karibu kila kitu.

Chovya kidole kwenye maji, upake mkwaruzo wa ndani. Utashangaa: unafifia, pengine unapotea kabisa. Mkwaruzo unaonekana kwa sababu mwanga unapinda sana unapovuka kati ya kioo na hewa. Ukijaa maji, mwanga unapinda kidogo tu. Kwa hiyo picha ya tangi tupu kwenye tangazo huonyesha mikwaruzo ya ndani vibaya kuliko itakavyoonekana tangi likijaa. Ya nje haina dawa hiyo, itabaki na hewa siku zote. Kwa hiyo nayapanga matangi kwa nafasi: ya kwanza ni ya kununua bila kusita, ya mwisho ni ya kuacha.

Ya kwanza: mikwaruzo iko nyuma, ubavuni au chini

Hili usiliache. Kioo cha nyuma karibu kila mtu hukifunika kwa karatasi nyeusi au rangi inayopakwa kwa nje, na sakafu inafunikwa na mchanga. Muuzaji amekupunguzia bei kwa ajili ya kitu ambacho hutakiona tena. Mimi hulipa hadi asilimia 60 ya bei ya jipya kwa tangi la namna hii kama gundi ni nzima, na huwa sibishani sana.

Ila mkwaruzo wa chini uukague kwa ukucha uleule. Sakafu ndiyo inayobeba mawe.

Ya pili: ndani ya kioo cha mbele, ukucha hauunasi

Tangi langu ni la kundi hili. Likiwa na maji, mgeni anayekuja haoni kitu mpaka nimwonyeshe. Ninayeiona ni mimi, jioni, taa ya tangi ikiwaka na ya sebuleni imezimwa, kwa sababu mwani hupenda kujishika kwenye vile vijifereji kabla ya mahali pengine.

Jua mikwaruzo hii ilivyotokea, maana utaiongeza mwenyewe wiki ya kwanza. Karibu yote inaletwa na chembe ya mchanga iliyonaswa kwenye sumaku ya kusafishia. Mimi nafuga wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, wasiozidi urefu wa kidole. Wanachimba mchanga kutwa kucha na kuurundika kioo kinapokutana na sakafu. Ukishusha sumaku mpaka pale, umeshika msasa. Sentimita tano za chini nasafisha kwa kadi ya zamani ya simu, ile yenye fremu ya plastiki, au kwa wembe nikiwa na subira. Sumaku haifiki huko.

Nusu ya bei ya jipya inatosha hapa. Muuzaji akikwambia atakusaidia kuisugua mikwaruzo ikatoka, mwambie asijali. Kuna unga wa seriamu ambao mafundi wa vioo vya magari hung'arishia, unafanya kazi kwenye mikwaruzo ya juujuu, lakini ni kazi ya saa nyingi na maji na mashine, na ukikazania sehemu moja kioo kinaingia bonde. Samaki akipita hapo anapinda kama umevaa miwani ya babu. Dawa ya meno ni hadithi.

Ya tatu: jipya la fundi vioo

Wengi wataliweka la kwanza, na kwa tangi dogo hawajakosea. La urefu wa sentimita 60, fundi vioo wa mtaani analitengeneza siku moja, na tofauti yake na mtumba mara nyingi haifiki bei ya usafiri wa kwenda kulichukua hilo la mtumba. Kabla hujaenda kuona tangi lolote, mpigie fundi, mpe vipimo, akutajie bei. Bila hiyo bei huna cha kulinganisha na maneno ya muuzaji.

Ninaliweka la tatu kwa sababu mbili. Moja, fundi wa madirisha hupenda kutumia kioo alichonacho dukani. Kinachosukuma kioo ni kimo cha maji, upana wa sebule yako hauhusiki. Tangi la sentimita 120 kwa 45, likijaa kimo cha sentimita 45, maji yanasukuma kioo cha mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 120. Kioo cha mili tano (unene wa milimita tano) hakifai hapo. Ukienda mili kumi unalala usingizi. Mbili, anatumia silikoni aliyonayo, na mara nyingi ni ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo si rafiki wa samaki. Nunua silikoni mwenyewe, isiyo na dawa ya ukungu, umpelekee.

Mtumba uliokaa na maji miaka mitano umeshafanyiwa mtihani ambao jipya halijaufanya.

Ya nne: mbele, ndani, ukucha unanasa

Hapa unanunua vioo vinne na kazi. Kioo cha mbele kinaweza kubadilishwa: fundi anapitisha wembe kwenye silikoni, anakitoa, anakwangua gundi yote ya zamani mpaka kioo kiwe kitupu, anafuta kwa spiriti, anabandika kipya. Neno la kusimamia ni "yote". Simama hapohapo ukimtazama, maana kukwangua ndiko wanakokuruka. Kisha liache tangi wiki nzima likauke kabla ya kulitia maji. Theluthi ya bei ya jipya, zaidi ya hapo umepata hasara ukijumlisha kioo na ufundi.

Ya tano: la akriliki

Hili si kioo, ni plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo. Ni jepesi na linang'aa, lakini linakwaruzika hata kwa kitambaa chenye vumbi. Uzuri wake ni kwamba mikwaruzo inatoka: msasa laini, laini zaidi, laini kabisa, kisha dawa ya kung'arishia. Kama unapenda kazi ya mikono Jumapili, chukua. Mimi sipendi.

Ya sita: mbele, nje, umezama

Watu huliona hili la kawaida kwa sababu "ni nje tu". Mtazame fundi vioo akikata: anakwaruza mstari mmoja, anagonga kidogo, kioo kinafuata mstari uleule. Kioo hupasuka kuanzia kwenye kidonda kilicho usoni mwake. Tangi likijaa, kioo cha mbele kinatunisha kifua kuelekea kwako, na ule uso wa nje ndio unaovutika. Mkwaruzo mrefu, ulionyooka, unaonasa ukucha, katikati ya uso wa nje, umekaa mahali pabaya kuliko pote. Na hata kioo kisipopasuka, mkwaruzo utauona kila siku, kwa kuwa maji hayaufikii.

Kama ni tangi refu sana na bei ni ya kutupa, chukua ukiwa umeshaamua kubadilisha kioo. Usilijaze "kujaribu".

Kulibeba na kulijaribu

Tangi la 120 kwa 45 kwa 45 la mili kumi lina vioo vya kilo hamsini hivi, likiwa tupu. Likijaa linakaribia kilo 300 kabla ya mchanga na mawe. Kwa hiyo watu wawili au watatu, Kirikuu, godoro chini, na tangi liwe tupu kabisa. Yule anayekwambia "tuache maji kidogo samaki wasihangaike" atakuvunjia kioo cha chini. Samaki waende kwenye ndoo yenye mfuniko, na sponji ya filta ibaki mbichi na maji yake, usiioshe kwa maji ya bomba. Lishikeni kwa chini, msilinyanyue kwa ule mkanda wa kioo wa juu.

Ukifika, usiliingize ndani. Liweke barazani, mahali palipo sawa, juu ya ile sponji nyeupe inayofungashiwa televisheni kama tangi halina fremu ya chini. Lenye fremu ya plastiki likae kwa fremu yake. Zungushia magazeti makavu, jaza mpaka juu, acha siku mbili. Gazeti linaonyesha tone ambalo jicho halioni. Mimi huamka hata usiku kulitazama, tangu ile siku ya tisa.

Pampu, taa na hita zikiwa "ndani ya bei", ziwashe mbele yake. Zisipowaka, bei irudi kuwa ya vioo vitupu.

Ya mwisho: kona iliyomeguka, au ufa

Ufa wowote, hata wa urefu wa ukucha, hata "ulioshikwa na silikoni", hapana. Hali kadhalika kona iliyomeguka mpaka chini ya gundi. Kimeguko kidogo cha ukingo wa juu, juu ya maji, hakina neno, ila kisugue kwa jiwe la kunolea kisikukate.

Nilipewa moja bure la namna hiyo, ufa kwenye sakafu kutoka kona hadi kona. Nililitia maranda na balbu, na sasa ni nyumba ya vifaranga. Wanatazama nje kutwa, wanadonoa kioo.