Autoruns dhidi ya spaiwea sugu: uzoefu wangu na kompyuta kuukuu ya nyumbani

Ukifuta spaiwea, yaani programu inayokupeleleza kwa siri, jioni na asubuhi ukaikuta palepale, basi ile unayoiona siyo mzizi wa tatizo. Kuna kitu kingine kimejificha, na kazi yake ni kuirudisha kila inapofutwa. Ndiyo maana tathmini hii naiandika kuhusu Autoruns, programu inayoonyesha kila kinachojianzisha kwenye Windows, na si kuhusu antivirasi, ingawa antivirasi nayo ilifanya sehemu yake.

Mashine yenyewe ni ya zamani: diski ngumu ya kuzunguka, RAM ya gigabaiti 4, Windows 10. Watoto wanaitumia kwa masomo, sisi wakubwa kwa barua pepe na mambo ya benki. Dalili zilikuja moja baada ya nyingine. Ukurasa wa kwanza wa kivinjari ulibadilika wenyewe. Kila nilichotafuta kilipitishwa kwanza kwenye tovuti nisiyoijua. Matangazo yakajaa kwenye kurasa ambazo kwa kawaida hazina tangazo hata moja, na feni ikawa inavuma mashine ikiwa imetulia, hakuna aliyeigusa. Nilivumilia hayo mpaka ilipokuja taarifa kwamba kuna kifaa kisichojulikana kimejaribu kuingia kwenye barua pepe ya mmoja wetu. Hapo suala likaacha kuwa la matangazo. Kuna mtu alikuwa anasoma vyetu.

Kichanganuzi cha bure nilichoanza nacho kiliona faili kadhaa, kikazitia karantini na kutangaza kuwa mashine ni safi. Nikawasha upya, na muda si mrefu ukurasa uleule wa utafutaji ukarudi. Nikachanganua tena: faili zilezile, folda ileile. Sitakitaja jina, kwa sababu hakikukosea. Kilifuta kweli kile kilichokijua. Aliyekuwa akizirudisha faili hizo ndiye hakuonekana kwake kama mhalifu, na hapo ndipo Autoruns inapoingia.

Autoruns ni programu ndogo ya bure kutoka Sysinternals, mradi ulioanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell mwaka 1996, ukanunuliwa na Microsoft mwaka 2006. Haisakinishwi. Unapakua faili la zip kutoka kwenye tovuti ya Microsoft, unalifungua, unaiendesha kwa haki za msimamizi. Mimi niliipakua kwenye kompyuta nyingine na kuihamisha kwa flashi, na nashauri ufanye hivyo hivyo. Spaiwea nyingi huzuia tovuti za vifaa vya usafishaji, au hukupeleka kwenye nakala bandia, kwa hiyo mashine iliyoambukizwa si mahali pa kutafutia dawa yake. Kabla ya kuchomeka flashi niliikata mashine kwenye intaneti kabisa, ili chochote kilichomo kisiweze kuita wenzake kutoka nje.

Kinachofanywa na Autoruns ni kimoja: inakuonyesha kila kitu kinachojianzisha chenyewe Windows inapowaka au mtumiaji anapoingia. Orodha ya vitu vya kuanzia iliyo ndani ya Windows yenyewe ni fupi mno ukiilinganisha na hii. Humu utakuta huduma, madereva (programu zinazoendesha vifaa kama printa na kipanya), kazi zilizopangwa kwa ratiba, viambatisho vya kidhibiti faili, vitu vya WMI (mfumo wa Windows wa kujisimamia), hata sehemu za mashine ya kuchapisha. Mara ya kwanza ukiifungua utaona mamia ya mistari na utatamani kuifunga. Usiifunge. Nenda kwenye chaguo, ficha vitu vya Microsoft, kisha washa uhakiki wa sahihi za dijitali, yaani mihuri inayothibitisha nani aliyetengeneza programu. Orodha itapungua sana. Mistari ya rangi ya waridi ni ya programu zisizo na sahihi inayothibitika, ya njano ni ya faili ambazo hazipo tena. Waridi si hukumu, maana zipo programu halali za zamani zisizo na sahihi, lakini ndipo macho yanapopaswa kuanzia.

Kuna kipengele kingine ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachoifanya Autoruns iwafae hata wasio mafundi. Inaweza kuuliza VirusTotal kuhusu kila faili. VirusTotal ilianza mwaka 2004 na tangu 2012 iko chini ya Google. Inalinganisha faili na majibu ya makumi ya antivirasi kwa mpigo. Autoruns hutuma alama ya kidole ya faili tu (namba ndefu inayolitambulisha), si faili lenyewe, mpaka wewe uchague vinginevyo. Majibu yanakuja kwa mfumo wa sehemu: antivirasi ngapi zimelikataa, kati ya ngapi zilizoulizwa. Kwa hili niliirudisha mashine mtandaoni kwa dakika chache tu, kisha nikaikata tena. Faili moja likikataliwa na antivirasi moja au mbili, hilo huenda ni tahadhari ya kupita kiasi. Likikataliwa na nusu yao, huna haja ya kusita.

Nilichokikuta kilieleza kila kitu. Ile spaiwea niliyokuwa nikiifuta ilikuwa kwenye sehemu ya kuanzia ya kawaida, mahali ambapo kila kichanganuzi hutazama. Lakini kwenye sehemu ya kazi za ratiba kulikuwa na kazi yenye jina linalofanana na sasisho la programu maarufu, herufi moja tu ikiwa imegeuzwa. Kazi hiyo haikuwa ikiendesha programu yoyote mbaya moja kwa moja. Ilimwita wscript, chombo halali cha Windows chenye sahihi ya Microsoft, na kumpa hati ndogo ya amri iliyofichwa ndani ya AppData, mahali ambapo programu huweka data za mtumiaji, kwenye folda yenye jina la herufi zisizo na maana. Hati hiyo ndiyo iliyokwenda mtandaoni kuvuta spaiwea upya. Ilikimbia kila mtumiaji alipoingia, na tena kila baada ya muda. Ndiyo maana kichanganuzi hakikuona kitu: chombo ni halali, na hati ni maandishi mafupi yanayobadilika. Somo ninalolisisitiza kwa yeyote atakayeitumia Autoruns ni hili: usiridhike na jina la programu inayoanzishwa, soma mstari mzima wa amri mpaka mwisho, uone inaambiwa ifanye nini.

Tarehe za folda hiyo nazo zilisema kitu. Iliundwa dakika ileile ilipoingia programu moja ya bure ya kugeuza video. Hivyo ndivyo spaiwea nyingi zinavyosafiri, ndani ya kifurushi cha kitu ambacho mtu alikihitaji kweli.

Kulikuwa na kikwazo kimoja cha ziada. Nilipojaribu kuua mchakato wa spaiwea, yaani programu yake iliyokuwa ikiendelea kufanya kazi, ulizaliwa upya papo hapo. Ilikuwa michakato miwili inayolindana: ukiua mmoja, mwingine unauamsha. Dawa yake iko kwa ndugu wa Autoruns, Process Explorer, pia ya Sysinternals, inayoonyesha michakato yote inayoendelea. Badala ya kuua, unasimamisha kwanza. Mchakato uliosimamishwa bado upo, kwa hiyo mwenzake haoni kuwa kuna aliyekufa. Unasimamisha wa kwanza, unasimamisha wa pili, ndipo unawaua wote wakiwa hawajiwezi. Mbinu hii ni rahisi kiasi cha kushangaza, na bila hiyo ningeendelea kuzungushwa.

Kisha nikarudi Autoruns. Sikufuta chochote mwanzoni, niliondoa alama ya tiki tu. Hili nalipenda sana kwenye programu hii. Ukiondoa tiki, kitu kinazimwa lakini kumbukumbu yake inabaki, na ukikuta umezima dereva wa kipanya unairudisha tiki, basi. Nikawasha upya, nikaangalia kama kuna tiki iliyojirudisha yenyewe, maana hiyo ni ishara kwamba bado kuna mlinzi aliyebaki. Hakuna iliyorudi. Ndipo nikafuta mistari hiyo, nikaifuta na ile folda.

Baada ya hapo nilitumia uchanganuzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender, uliomo ndani ya Windows 10 kwenye chaguo za uchanganuzi. Mashine inajizima na kuwaka kwenye mazingira ya pekee kabla Windows haijapanda, kwa hiyo kilichozoea kujificha hakipati nafasi ya kuamka. Microsoft wanasema huchukua takriban dakika 15. Kwa diski ya kuzunguka kama yetu, jiandae kusubiri zaidi. Ulikamata mabaki kwenye folda za muda.

Sasa niseme mahali ambapo Autoruns haifiki, maana hapa ndipo watu wengi hukata tamaa wakidhani hawajafanikiwa.

Kwanza, kivinjari. Kwenye Chrome kulikuwa na kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza ndani ya kivinjari) ambacho hakikuwa na kitufe cha kukiondoa, na kwenye menyu maneno yanayosema kivinjari kinasimamiwa na shirika. Kompyuta ya nyumbani haina shirika. Spaiwea ilikuwa imeandika sera kwenye sajili ya Windows, hazina ya mipangilio ya mfumo, kana kwamba ni ofisi inayowalazimisha wafanyakazi wake kutumia kiendelezi fulani. Andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani utaziona sera zote. Ukiona ExtensionInstallForcelist, sera ya kulazimisha viendelezi, kwenye mashine ambayo hakuna ofisi inayoimiliki, umempata. Ufunguo wa sera hiyo uko chini ya Policies, Google, Chrome ndani ya sajili, na ukishaufuta kiendelezi kinaondoka kama vingine. Hifadhi nakala ya sajili kabla hujagusa chochote humo. Zima pia usawazishaji wa akaunti kabla ya kusafisha, kwa sababu kiendelezi kilichohifadhiwa kwenye akaunti kitashuka tena hata kwenye mashine iliyosafishwa vizuri.

Pili, proksi, yaani mpatanishi ambaye mawasiliano ya kivinjari hupitia kwake. Nilipounganisha intaneti tena, hakuna ukurasa uliofunguka. Spaiwea ilikuwa imejiweka katikati: mawasiliano yote ya kivinjari yalipelekwa kwenye anwani 127.0.0.1, yaani kwenye mashine yenyewe, ili iyasome kabla ya kuyapeleka nje. Baada ya kufutwa, kivinjari kiliendelea kugonga mlango ambao nyuma yake hakuna mtu. Ukienda kwenye mipangilio ya mtandao na kuzima proksi, intaneti inarudi mara moja. Wapo watu ambao wakifika hapa na kuona intaneti imekatika hurudisha kila kitu nyuma, na pamoja nacho spaiwea. Wakati uko hapo, tazama faili la hosts na anwani za DNS, kwenye mashine na kwenye ruta, maana ndizo zinazoamua jina la tovuti likupeleke wapi. Zetu zilikuwa sawa. Mwisho futa alama za urejeshaji za zamani, kwani zinaweza kuwa zimebeba faili zilezile, na utengeneze mpya.

Kuhusu nywila, hakuna programu itakayokufanyia. Kilichokwisha kusomwa kimesomwa. Tulibadilisha kila neno la siri lililokuwa limehifadhiwa kwenye kivinjari kile, kwa kutumia simu, si kompyuta hiyo, tukianza na barua pepe kwa sababu ndiyo inayofungua nyingine zote. Tukatoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti hizo na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Kama ningeambiwa nichague kati ya kusafisha mashine na kubadilisha nywila, ningeanza na nywila bila kufikiri mara mbili.

Autoruns naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja inapungua kwa sababu haizungumzi na mtu wa kawaida. Inakuonyesha ukweli wote kisha inakuachia mwenyewe, na mtu akizima asichokijua anaweza kuamka na mashine isiyo na sauti au isiyo na mtandao. Pia inaona kile tu ambacho Windows inakiona. Rutikiti, yaani programu mbaya iliyojichimbia chini ya mfumo, inaweza kujificha mbele yake, na ukiwa na sababu ya kushuku hivyo, futa diski na usakinishe mfumo upya kutoka kwenye flashi safi. Mimi sikufanya hivyo kwa kuwa kuna programu ya zamani ya masomo ambayo haina tena njia ya kusakinishwa, na kwa kuwa ushahidi wote uliniongoza kwenye kazi moja ya ratiba na ndugu zake.

Lakini sikuirudishia mashine imani yote. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yetu haina TPM 2.0, chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11. Kwa hiyo mambo ya benki yamehama kabisa, na hayarudi hapo. Masomo yanaendelea.

Siku mashine ilipokuwa safi nilihifadhi hali yake ndani ya Autoruns kama faili, nikaliweka kwenye flashi. Programu ina uwezo wa kulinganisha orodha ya leo na ile iliyohifadhiwa, na kila kilichoongezeka kinapakwa kijani. Sasa nikihisi kitu, sianzi tena na mamia ya mistari. Nafungua, nalinganisha, natazama kijani. Mara ya mwisho kulikuwa na mstari mmoja wa kijani, nao ulikuwa dereva wa printa tuliyoichomeka.