Taa za miche nilizojiundia kwa tepe za LED: miezi kumi ya majaribio, Bukavu

Dirisha la sebule yetu hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu, linatazama ukuta wa jirani, na kati ya ukuta huo na kioo chetu mtu mnene hapiti. Anayejua nyumba zinavyobanana kwenye mteremko huu hataniuliza kwa nini miche yangu ya nyanya ilikuwa inarefuka kama uzi, imepauka, kisha inalala yenyewe. Siku moja nilipima mwanga wa dirishani kwa programu ya simu, saa sita mchana: luksi (kipimo cha mwanga) 600. Nikatoka hadi barabarani, mawingu yamefunga kabisa, nikapata zaidi ya 12,000. Basi. Tatizo halikuwa mbegu wala udongo, ingawa muuza mbegu nilikuwa nimeshamgombeza mara mbili.

Kuotesha nje nimejaribu pia. Tangu Septemba hadi Mei mvua yetu haina huruma na mbegu ndogo. Inazifukua, na zinazobaki kuku wa kwenye parseli (kiwanja) wanazimaliza. Shamba lenyewe ni la mama yangu, liko Kabare, na jua lipo. Kazi yangu mimi ni kutoa miche ya wiki tano yenye shina nene, niipange kwenye katoni, motari wa pikipiki aipandishe. Kwa hiyo haya ninayoandika yanahusu miche tu. Anayetaka kuvuna nyanya sebuleni asinifuate.

Kosa la kwanza lilinigharimu dola 25: taa ya zambarau ya kuotesha mimea, ile ya vidoti vyekundu na vya bluu. Nyuma imeandikwa wati 45. Kipimaumeme cha kuchomeka ukutani kilisema 19. Miche iliishi chini yake, siwezi kuisingizia, maana nyekundu na bluu ndizo rangi ambazo klorofili inazinyonya zaidi. Ila katika mwanga ule jani lenye afya linaonekana jeusi na jani bovu linaonekana jeusi vilevile. Ukungu ulikaa kwenye pilipili zangu siku kadhaa kabla sijaugundua, na niliugundua kwa sababu nilitoa kopo nje kumwagilia. Halafu usiku dirisha linawaka zambarau tupu. Mama mmoja wa jirani alimuuliza mke wangu, kwa adabu zote, kama tumefungua nganda (baa) na bia tunauza bei gani.

Aliyenifungua macho ni fundi wa redio karibu na soko. Alinieleza kuwa LED nyeupe kwa ndani ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano. Sehemu ya bluu inapita, nyingine unga unaigeuza kuwa kijani, njano na nyekundu. Ndiyo maana LED ya bluu ilipewa heshima kubwa: Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo, kwani bila bluu isingekuwepo nyeupe hii tunayowashia nyumba. Kwa mche wa nyanya, taa nyeupe ya kawaida ina kila rangi unayohitaji. Unalipa pungufu, na unaona majani yako.

Fundi huyohuyo, lakini, alitaka kuniuzia bamba la LED la wati 50 linalopokea volti 220 moja kwa moja, bila transfo ya kushusha volti. «Papa, hii unafunga waya mbili tu, imeisha.» Mwangaza wake unaumiza macho, bei yake dola 3. Nilikataa, na ninashukuru. Bamba lile linatenganishwa na umeme wa ukutani kwa utando mwembamba sana. Utando ukipata ufa, alumini yote inakuwa na umeme. Mimi hapo chini namwagilia maji kila asubuhi, na nina mtoto wa miaka sita anayependa kugusa. Nimebaki na volti 12.

Nilichonunua ni rola moja ya utepe mweupe wa LED, mita 5, vidoti 60 kwa mita, dola 7. Transfo ya volti 12, ampea 5, dola 9. Alumini ya kubandikia utepe sikununua: kwa mafundi wa madirisha vipande vilivyokatwa vinalala chini, nikapewa vinne kwa bei ya soda. Vikopo vya kuoteshea ni vya nyanya ya kopo, vimetobolewa chini. Ndiyo, nyanya inazaliwa ndani ya kopo la nyanya. Binti yangu mkubwa anaona huo ni ukatili.

Sasa utepe wenyewe. Ukiuwasha wote kwa urefu, mwanzo unang'aa na mwisho umefifia. Nilipima: mwanzo volti 12, mwisho 10 na kidogo. Shaba ya ndani ni nyembamba, volti zinaishia njiani. Dawa ni kuukata vipande vifupi (unakatika kila baada ya vidoti vitatu, kuna alama) na kila kipande kukilisha peke yake kutoka kwenye transfo. Nilikata vipande vinane vya sentimita 50. Mita moja iliyobaki niliiacha kwa makusudi, kwa sababu transfo hizi za bei rahisi ukizipa mzigo wote zilioandikiwa zinachemka hadi zinanuka. Kwa vipande vinane inatoa ampea 3.6, yaani wati 43 hivi, na unaweza kuishika kwa mkono.

Kulehemu waya kumi na sita kulinichukua Jumapili nzima na vidole viwili. Gundi ya nyuma ya utepe usiiamini hata kidogo. Wiki ya kwanza vipande vitatu vilidondoka juu ya miche. Nikavifunga kwa vibano vya plastiki, na hadi leo havijasogea. Alumini si urembo hapo: LED inakufa kwa joto, na alumini ndiyo inayolitoa.

Rafu yangu ni sentimita 50 kwa 40. Taa ikiwa sentimita 15 juu ya majani, simu inasoma luksi 9,000. Luksi ni kipimo cha jicho la mtu, si cha mmea, lakini kwa LED nyeupe ukigawa kwa 70 unapata makadirio mazuri ya kile wataalamu wanachopima kwa mikromoli, yaani wingi wa chembe za mwanga zinazoufikia mmea: kwangu ni kama 130 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Jua kali la mchana linafika karibu 2,000. Mche unaridhika na 100 hadi 300, mradi uupe saa nyingi. Mimi naupa 14. Usiwashe saa 24 ukidhani unausaidia. Nyanya hasa inataka giza, ikikosa majani yanageuka manjano.

Sasa niwaeleze lililonichoma kweli. Umeme wa kwetu mnaujua. Siku nyingine delestaji (mgao wa umeme) inaanza asubuhi na unasahau nyumba ina swichi. Nina betri ya sola ya volti 12, nikajiambia utepe ni wa volti 12, betri ni ya volti 12, shida iko wapi? Nikaunga moja kwa moja. Uliwaka vizuri kuliko kwenye transfo, nikajisifu mbele ya mke wangu. Baada ya wiki tatu vidoti vikaanza kuwa na doa la kahawia katikati, kimoja baada ya kingine, na vipande viwili vikazimika kabisa.

Nilichokuwa sijui: betri ya volti 12 inapochajiwa na paneli inapanda hadi 14.4. Ndani ya utepe kila vidoti vitatu vimefungwa kwa mfuatano, kila kimoja kinakula kama volti 3, jumla 9. Zile 3 zilizobaki zinaangukia kwenye rezista ndogo, na hiyo rezista ndiyo inayozuia mkondo usizidi. Betri ikiwa 14.4, rezista haibebi tena 3, inabeba zaidi ya 5. Jina la betri halijabadilika, lakini mkondo umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Nikaikaanga taa yangu mchana kweupe, jua likiwa zuri! Nilinunua kipunguza volti kidogo cha dola 3, nikakifunga kwenye 12 kamili, na tangu siku hiyo hakuna kidoti kilichokufa. Betri ikishuka jioni taa inafifia kidogo, miche haijalalamika.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia udhaifu ambao siwezi kuuficha: volti 3 kati ya 12 ni robo ya umeme inayogeuka joto tu. LED za bamba zenye kidhibiti mkondo chake ni bora, lakini za kuaminika sijazikuta sokoni kwa bei yangu.

Matumizi: wati 43 kwa saa 14 ni wati-saa 600 kwa siku. Betri yangu ni ya ampea-saa 100, ya asidi, na haifai kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo taa peke yake inaimaliza. Ndiyo maana umeme ukirudi nahamia kwenye transfo hata kama ni saa nane usiku. Mmea haujali saa ya ukutani. Unajali jumla ya mwanga na usingizi wake wa saa chache.

Matokeo? Miche ya nyanya ya wiki tano ina shina kama penseli, vifundo vimekaribiana, na mama ameacha kununua miche njiani. Poaro (liki) hazikuonyesha tofauti kubwa, zinakua polepole popote. Shu (kabichi) zimekubali sana. Lengalenga (mchicha) sikuziweka, kupoteza umeme kwa lengalenga ni dharau kwa lengalenga, inaota hata kwenye ufa wa ngazi.

Utepe ningeupa 3 kati ya 5. Transfo 4, ingawa inalia kama mbu. Kipunguza volti 5. Taa ya zambarau 1, na hiyo 1 ni kwa sababu sasa mke wangu anaiwasha kutafuta kandambili usiku.

Kwa jumla nimetumia dola 22 bila kuhesabu ile ya zambarau na vipande nilivyovikaanga. Rafu ya pili nimeshaipigilia misumari lakini iko gizani. Umeme ukikatika jioni, mwanga mkubwa kuliko wote nyumbani ni ule wa miche, kwa hiyo watoto wanavuta meza hapo kufanya mazoezi ya shule, na kabla ya saa tatu tayari mtu ameomba taa ya nyanya ipelekwe jikoni.