Kuiunganisha Claude Code na grupu la Telegram: uzoefu wangu

Mwenye haraka asome aya hii tu. Claude Code, msaidizi wa kuandika msimbo, kutuma arifa kwenye grupu ni jambo linalofaa, halina gharama ya ziada, na anayeweza kuandika skripti fupi ya Bash (mfululizo wa amri za teminali) ataiunganisha bila kumsumbua mtu. Lakini kati ya arifa zote inazoweza kutuma, iliyonisaidia kweli ni ya aina moja: ile ya kuomba ruhusa. Zilizobaki ni kelele mpaka uzichuje.

Tuko timu ndogo Dar es Salaam, tunatengeneza mifumo ya mauzo na stoo kwa maduka ya jumla, na mwenzetu mmoja anafanyia kazi Arusha. Claude Code ni msaidizi wa Anthropic anayefanya kazi ndani ya teminali: unampa kazi, anasoma mafaili, anaandika msimbo, anaendesha majaribio. Shida yake inajulikana kwa kila aliyemtumia. Anakwenda vizuri, kisha anafika kwenye amri inayohitaji ruhusa yako, anasimama. Wewe wakati huo uko kwa mama ntilie unasubiri wali maharage. Ukirudi unakuta swali linakungoja kwenye skrini, na kazi haijasogea hata hatua.

Dawa yake ni huki (hook), yaani amri inayojiendesha yenyewe. Unaandika kwenye settings.json, faili la mipangilio la Claude Code, kwamba tukio fulani likitokea, amri fulani iendeshwe. Matukio mawili ndiyo niliyoyatumia kwa arifa: Notification, ambalo hutokea msaidizi anapoomba ruhusa au akikaa muda anasubiri uandike kitu, na Stop, ambalo hutokea anapomaliza kujibu. Skripti yako inapokea maelezo ya tukio kwa muundo wa JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome), folda ya mradi ikiwemo, na kuanzia hapo uamuzi ni wako.

Mtaniuliza kwa nini Telegram wakati nchi nzima iko WhatsApp. Njia rasmi ya programu kutuma ujumbe WhatsApp imejengwa kwa ajili ya biashara kuongea na wateja wake. Saa 24 zikipita tangu mteja akuandikie, unaruhusiwa kumtumia violezo vilivyoidhinishwa tu. Njia za kichochoroni zipo, ila siwezi kuiweka rehani namba inayopokea oda za wateja kwa ajili ya arifa za msimbo. Telegram unamwandikia BotFather, roboti rasmi ya kuunda roboti nyingine, anakupa tokeni, yaani ufunguo wa siri wa roboti yako, unaiingiza roboti kwenye grupu, unatuma kwa amri ya sendMessage ukitaja chat_id ya grupu, ambayo ni namba yenye alama ya kutoa mbele. Basi. Wenye Slack au Discord nao wana njia zao rahisi tu, sitazigusa.

Sasa kelele. Stop haimaanishi kazi imeisha. Maana yake ni kwamba msaidizi amemaliza kujibu zamu hiyo. Ukimuuliza swali dogo la mstari mmoja, akijibu, grupu zima linapata meseji. Ukibishana naye juu ya jina la kigezo, kila jibu lake linatangazwa hadi Arusha. "Mkuu, hiyo roboti yako inapiga debe kuliko konda wa Mbagala," dada wa Arusha aliandika, kisha akalizima grupu sauti. Hapo ndipo mchezo unapoharibika, kwa sababu aliyezima sauti haisikii tena hata ile arifa moja yenye maana.

Tulichofanya ni kuongeza huki ya tatu kwenye tukio la UserPromptSubmit, inayoandika muda ulipotoa agizo. Stop ikifika, skripti inapiga hesabu: zamu ikiwa chini ya dakika 5, inanyamaza. Ikizidi, inatuma "imemaliza" lakini kwa disable_notification, yaani meseji inaingia bila mlio. Mlio tumeubakiza kwa "inangoja ruhusa" peke yake. Ukiwa na miradi kadhaa, washa mada ndani ya grupu na utume kila mradi kwenye mada yake kwa message_thread_id. Kwangu mimi hili ndilo lililoirudisha timu nzima kwenye grupu.

Na faida niliyoipata sikuitarajia. Arifa ya ruhusa ikiingia kwenye grupu badala ya simu yangu, wenzangu wanajua nini kinataka kufanyika. Mara msaidizi anaomba kubadili jedwali la kanzidata, na kabla sijashika kompyuta kijana wetu wa stoo anaandika: "Kaka, usiruhusu kwanza, jedwali hilo nalitumia." Kwenye simu yangu mwenyewe ningeruhusu tu.

Upande wa ufundi kuna vijimambo. Kwa kawaida huki inasubiriwa imalizike, kwa hiyo kwenye mtandao wetu huu weka --max-time (kikomo cha muda) kwenye curl, programu inayopeleka ujumbe Telegram, la sivyo kifurushi kikisuasua na msaidizi naye anakwama. Malizia skripti kwa exit 0, yaani "hakuna kosa". Skripti ikitoka na namba 2 kwenye Stop inamaanisha "usisimame, endelea", na grep, amri ya kutafuta maandishi, ikikosa faili hutoka na 2 hiyo hiyo. Majibu ya Telegram yasichapishwe hovyo: kinachochapishwa na huki ya UserPromptSubmit huingia kwenye mazungumzo na msaidizi anakisoma. Yapeleke kwenye faili la kumbukumbu, usiyatupe, maana grupu likipandishwa kuwa grupu kubwa (supergroup) chat_id yake hubadilika, na mpya utaiona kwenye jibu la kosa, kwenye migrate_to_chat_id. Maandishi tuma ya kawaida bila mapambo. MarkdownV2, mtindo wa Telegram wa kupamba maandishi, inataka nukta na mistari ya chini yote ikingwe kwa mkwaju wa nyuma, na majina ya mafaili yetu yamejaa hivyo vitu. Kikomo ni ujumbe 20 kwa dakika kwa grupu moja, na herufi 4096 kwa ujumbe. Ukikifikia kile cha 20, rudi ukasome tena aya ya kelele.

Kuhusu usalama nina msimamo mkali. Tokeni iwekwe kwenye vigezo vya mazingira (environment variables) vya kompyuta, isiandikwe ndani ya .claude/settings.json, kwani faili hilo huenda kwenye hazina ya msimbo na kila mwenye nakala ataimiliki roboti yako. Pili, kishawishi cha kutuma grupuni jibu lote la mwisho la msaidizi ni kikubwa, kwa kuwa huki hukuonyesha mahali lilipo faili la mazungumzo. Usifanye hivyo. Mazungumzo yale yanaweza kubeba majina na namba za simu za wateja, magrupu ya Telegram hayana usimbaji wa mwisho hadi mwisho, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iko kazini tangu Mei 2023. Sisi tunatuma jina la folda, aina ya tukio na jina la mtu mwenye kompyuta.

Kinachokosekana kwenye mpango wetu ni njia ya kurudi. Huki kama hii ni ya upande mmoja: arifa inakufikia, ila kutoa ruhusa lazima urudi kwenye teminali. Mimi naacha kazi ndani ya tmux, inayoiweka teminali hai hata nikiondoka, nikiwa mbali naingia kwenye kompyuta kwa SSH (njia salama ya kuiingia kwa mbali) kutoka simuni. Inawezekana, lakini kusoma amri ndefu kwenye kioo kidogo ndani ya mwendokasi ya saa kumi na mbili jioni, umebanwa mlangoni, sikushauri. Kuna mtu ataniambia niruhusu kila kitu moja kwa moja ili arifa zisihitajike. Kwenye kompyuta yenye funguo za seva ya mteja, mimi hapana.

Kama uko peke yako, grupu la nini? Mlio wa kompyuta au meseji kwako mwenyewe inatosha. Kuanzia watu wawili wanaogusa kanzidata moja, iwekeni, na muanze na Notification tu. Stop mtaiongeza baadaye, mkiona mnaihitaji.