Mtondoo, mkindu au mpapindi: mche upi ununue kwa ua wako?

Ukimwambia mwenye kitalu unataka mti wa kivuli usiopukutika majani, huenda akakutolea ashoki au mwarobaini. Miti mizuri, ila asili yake Bara Hindi. Hii mitatu ni ya kwetu Zanzibar, nimeipanga kama ningeinunua mimi.

Wa kwanza mtondoo. Aliyeingia msitu wa Jozani keshapita chini yake. Majani yake mazito yanayong'aa hustahimili upepo wa chumvi, kwa hiyo mwenye kiwanja pwani asihangaike kutafuta mwengine. Maua meupe hunukia, kokwa za tondoo hutoa mafuta, na mbao zake huundiwa vyombo vya baharini. Naupenda mno mti huu, na ndiyo sababu sitaki uupande pabaya: hukua taratibu lakini huwa mkubwa kweli. Uweke angalau mita 8 kutoka ukutani, mbali na karo na mipira ya maji. Ua ukiwa mdogo, uache. Ukiukosa kitaluni, okota tondoo zilizoanguka, upasue gamba kidogo ili ziote upesi.

Wa pili mkindu, hasa kwa wanaoishi maweni ambako udongo ni haba. Huchipua mashina mengi ukawa kama ukuta, na ukindu wake unasukwa mikeka. Una miiba kwenye vikonyo vya makuti, basi usiupande kando ya njia wanayopita watoto. Mche mdogo hauonyeshi kama ni dume au jike. Ukitaka matunda nunua kadhaa.

Mpapindi, wa jamii ya minazi kama mkindu, nimeuweka wa tatu kwa sababu ya maji tu. Duniani kote huota wenyewe Pemba peke yake, msitu wa Ngezi ndiko kwao, na umezoea unyevu na kivuli. Kwa mtu wa Pemba mwenye udongo mzuri ungekuwa wa kwanza, tena ni mwembamba, unatosha hata ua wa hatua 10. Lakini muulize muuzaji: umeoteshwa kwa mbegu au umeng'olewa msituni? Ukiwa wa msituni, usimpe pesa yako.

Kabla ya kulipa, pindua kiriba, yaani mfuko ulioshika mche. Mizizi ikiwa imejizungusha chini, mche umekaa sana. Chagua mfupi mwenye shina nene kuliko mrefu uliolegea. Nunua mwanzoni mwa Machi, mashimo yakiwa tayari, masika yakianza upande siku hiyohiyo.