Msimamizi wa matunzo ya mama: miezi saba naye

Nafanya kazi Kolwezi. Mama yuko Katuba, Lubumbashi, na mjukuu wa miaka 14. Ana sukari na tansio. Mwaka mzima nilimtunza kwa simu: "Mama, umekunywa dawa?" "Nimekunywa." Nikalala.

Kwanza tulichukua kampuni moja ya huduma za nyumbani. Kila wiki msichana mwingine. Walikuwa na adabu, ila hakuna aliyejua mwenzake aliacha wapi. Mama alichoka kueleza ugonjwa wake upya kila Jumatatu, mwishowe akawa hafungui mlango.

Ndipo nikatafuta mtu mmoja wa kusimamia yote. Nilionana na watatu. Wawili walianza na mimi: bei, siku, usafiri. Wa tatu, muuguzi mstaafu, alivuta kiti karibu na mama, akasema "Jambo yenu, mama," akaomba kuona miguu yake. Katikati ya vidole vya mguu wa kushoto kulikuwa na kidonda. Kiatu kilikuwa kinamchubua na mama hasikii lolote, maana sukari ya miaka mingi huua hisia za miguu. Nami nilikuwa nimekaa naye siku tatu sijakiona!

Kisha akaomba dawa zote, akazipanga mezani, akasoma maandishi madogo ya kila boksi. Mawili yalikuwa na majina tofauti, lakini ndani ni amlodipine yote, dawa ileile ya tansio, kila moja limeandikwa na daktari wake. Mama alikuwa anameza dozi mara mbili, na vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba. Hakutupa kitu mwenyewe. Alimpeleka kwa daktari, daktari ndiye akaondoa moja. Hapo nikamwamini.

Namlipa dola 100 kwa mwezi, pesa ya taksi mbali. Anakuja mara tatu kwa wiki na kuandika kila kitu daftarini.

Kasoro ipo, na iliniuma. Jumapili alikuwa anazima simu mpaka ibada iishe. Siku moja mama alianguka bafuni, mjukuu akanipigia mimi huku Kolwezi, nikabaki kuwasihi majirani kwa simu. Tulizungumza, akatupa namba ya binti yake, naye muuguzi. Ningeliuliza hilo siku ya kwanza.

Jana alinitumia picha ya daftari: "Sukari 132 kabla ya kula. Bukari kidogo, sombe. Miguu safi. Anauliza utakuja lini."