Malindi: ofisi ya wafanyakazi hotelini au uhadhiri?

Mwenye digrii ya usimamizi wa rasilimali watu hapa Malindi ana milango miwili. Hotelini mshahara unaanza mapema, na kazi yenyewe inafundisha. Masika yakiingia na wageni wakipungua, yeye ndiye anayeketi na mpishi wa siku nyingi kumweleza kwamba nafasi yake imeondolewa. Hapo Sheria ya Ajira ya 2007 si nadharia tena: ilani ya mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini. Hesabu ikikosewa, mtaonana mahakamani.

Uhadhiri, tuseme Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, ni mwendo mrefu: uzamili, kisha uzamivu, na katikati vibarua vya kufundisha ambavyo malipo yake (haya, tuyaache). Lakini mhadhiri ana muda wa kuuliza kwa nini hoteli hupunguza watu kila msimu badala ya kupanga kazi upya. Afisa wa wafanyakazi hotelini hana nafasi hiyo. Meneja anataka orodha ya watakaopunguzwa kufikia Ijumaa.

Mimi ningeanza hotelini, nikiweka kando ada ya uzamili kidogo kidogo. Maswali ya utafiti yatajaa daftari kabla sijapanda matatu ya Kilifi.