Uzoefu Wangu wa Kuchagua Kaliba ya Bastola: Milimita 9, .357 na .22

Nilipokamilisha taratibu za kumiliki silaha, kuanzia serikali ya kijiji hadi polisi, nilinunua bastola ya milimita 9 nikiamini kwamba ingenitosha kwa mambo mawili: kulenga shabaha, ambao ni mchezo ninaoupenda kwa dhati, na kuwakabili nguruwe pori wanaofukua mihogo katika shamba letu upande wa Liwale. Miaka minne imepita, na leo nalazimika kusema kwamba kwa jambo la kwanza nilichagua kaliba (kipenyo cha mtutu na risasi yake) kubwa mno, na kwa jambo la pili bastola haikuwa chombo chake hata kidogo.

Silaha yenyewe haina lawama. Risasi ya milimita 9 iliyobuniwa na Georg Luger huko Ujerumani mwaka 1902 ndiyo iliyoenea zaidi duniani kwa bastola, hivyo kuipata si shida. Kichwa chake, ile sehemu inayoruka, huwa na uzito wa gramu 7.5 hadi 8, hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 350 kwa sekunde, na teke lake, yaani msukumo wa bastola kurudi nyuma, huvumilika kwa mtu aliyezoea. Mimi sikuwa nimezoea. Kutoka Lindi hadi uwanja wa shabaha ninaoutumia Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo nilikuwa nikifyatua mara chache kwa mwaka, risasi 50 kwa siku moja, na kila mara matundu yalikaa chini kushoto mwa ubao, nami ninatumia mkono wa kulia.

Nilidhani vilengeo vimepinda. Mkufunzi wa uwanja, askari mstaafu, alinijazia magazini (kikasha cha risasi cha bastola) mwenyewe nikiwa nimegeuka, akachanganya risasi za kweli na za mazoezi zisizo na baruti. Nilipofikia isiyo na baruti na kuvuta kifyatulio, mdomo wa bastola ulizama chini wazi mbele ya macho yetu wote wawili, ingawa hapakuwa na mlipuko wowote. "Mwanangu," aliniambia, "mkono wako unalikimbia teke kabla halijaja." Ile siku ndiyo niliyoelewa kwamba kaliba ni suala la kile ambacho mkono wako unajifunza kila unapofyatua, kabla hata hujaulizia nguvu ya risasi.

Katika safari iliyofuata, chini ya usimamizi wa mkufunzi huyo huyo, nilijaribu rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ya .357 Magnum (namba hizi zenye nukta ni kaliba kwa inchi). Faida yake kubwa ni kwamba inakubali pia risasi za .38 Special, kwa sababu kipenyo cha risasi hizo mbili ni kile kile, takriban milimita 9.1, licha ya majina yao kutofautiana; ganda la .357 lilirefushwa kwa zaidi ya milimita 3 ili lisiweze kuingia katika rivolva za .38 zisizohimili shinikizo lake. Kwa .38 nilifurahi sana, kwani chuma kizito cha rivolva hulimeza teke. Kwa .357 yenyewe nilifyatua sita, nikaiweka mezani. Mlio wake ulipenya vizibo vya masikio, na mkono ukarudia ugonjwa ule ule wa kuzama.

Hatimaye niliomba kibali cha bastola ya pili, ya .22 LR, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayetaka shabaha. Risasi yake ina gramu 2.6 tu na nishati isiyofika hata nusu ya milimita 9, lakini karatasi ya shabaha haihitaji nishati zaidi ya hiyo, na katika Olimpiki mashindano ya bastola ya mita 25 huchezwa kwa kaliba hii hii. Sanduku la risasi 50 nilipata kwa bei ya chini sana kuliko la milimita 9, kwa hiyo siku moja ya uwanjani sasa ni risasi 200 badala ya 50. Baada ya miezi minane matundu yalikusanyika katikati, na niliporudi kwenye milimita 9 mkono ulikuwa umetulia. Kasoro zake zipo: baadhi ya risasi hazilipuki kwa mpigo wa kwanza, kwa kuwa fataki yake (kilipuzi kidogo kinachowasha baruti) imepakwa kwenye ukingo wa ganda, na maganda yake hayajazwi tena. Unapaswa pia kuipaka mafuta mara kwa mara, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu huleta kutu ndani ya wiki chache.

Kuhusu nguruwe, jirani mmoja alimpiga dume kwa bastola ya milimita 9 kwa umbali wa hatua 20 hivi. Mnyama aliingia kichakani na damu, nasi tukamfuata hadi giza likatukuta. Askari wa wanyamapori alimpata asubuhi akiwa bado hai, akammaliza kwa raifo, yaani bunduki ndefu. Sikuweza kula nyama ile. Milimita 9 ina nishati ya jouli karibu 500, .357 karibu 750, na hata .44 Magnum ya mwaka 1955, ambayo Wamarekani huwindia paa, hufikia 1,200 hadi 1,400 hivi, ilhali raifo ya .30-06 inakaribia 3,800, tena ina kitako cha kuegemea begani na mtutu mrefu unaomruhusu mpigaji kulenga moyo bila kubahatisha. Kwa mnyama wa kilo 70 mwenye ngozi ngumu na mfupa mpana wa bega, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atakufa pale pale au atateseka usiku kucha.

Kwa hiyo shambani sasa hatutumii bastola. Tunatoa taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na mwaka huu nimeanza kuomba kibali cha raifo ya .30-06, nikijua kwamba kuwinda kunahitaji pia leseni ya wanyamapori, mbali na ile ya silaha. Bastola ya milimita 9 ninaiuza kwa kufuata taratibu za polisi. Ile ya .22 haiuzwi.